Gari la Mfano Kutoka Boksini Hadi Meza ya Maonyesho: Jenga Ukiiwaza Tochi ya Mwamuzi

Gari la kwanza nililopeleka kwenye maonyesho ya klabu lilikuwa na injini yenye nyaya zote, mikanda ya viti yenye vifungo vya chuma, na zulia sakafuni. Mwamuzi hakuangalia hata kimoja. Aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na meza, akatoa kijikaratasi mfukoni, akakipitisha chini ya tairi la mbele kushoto. Karatasi ikapita bila kugusa kitu. Akaandika neno moja, akahamia gari la jirani.

Miezi mitatu nilikuwa nikiongeza vitu, na sikupata dakika tano za kuliweka gari juu ya kioo nione kama limesimama. Tangu siku ile najenga kinyumenyume: naanza na kile ambacho tochi ya mwamuzi itakimulika, kisha narudi hadi kwenye boksi la vipande vya plastiki. Mwongozo huu unakwenda hivyo hivyo.

Mwamuzi anatafuta nini

Waamuzi huzunguka kwa vikundi, mara nyingi watatu watatu, na kwa kawaida gari hawaligusi. Wanahukumu kinachoonekana. Utaratibu huu umekuzwa sana na IPMS, chama cha waundaji wa mifano ya plastiki kilichoanzia Uingereza mwaka 1963 na kupata tawi Marekani mwaka 1964, lakini hata klabu zisizo chini yake hufuata mpangilio unaofanana: misingi kwanza, madoido baadaye. Mistari iliyoachwa na kalibu kiwandani imesuguliwa ikaisha? Gundi imevuja? Rangi ni laini, au ina vumbi na alama ya kidole? Magurudumu yote manne yamesimama wima na yanagusa chini? Bampa imelala sambamba na bodi? Vioo vina ukungu?

Gari likikwama hapo, injini ya ajabu haitaliokoa. Na kila unachoongeza ni mahali pengine pa kukosea. Waya wa plagi uliokaa vizuri hukuinua kidogo. Uliochomoka hukushusha kuliko kama usingeuweka kabisa.

Ulizia mapema klabu inahukumu kwa mfumo gani. Kuna wanaotoa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika kila kundi, kwa hiyo unashindana na jirani yako. Wengine hutoa dhahabu, fedha na shaba kwa kiwango: ukikifikia unapewa, hata kama kumi wenzako wamekifikia pia. Kwa anayeanza, mimi naupendelea mfumo wa pili. Unakuambia umefika wapi, si nani alikuja siku hiyo.

Chagua kundi, ndipo uchague boksi

Mwaka 1958 kampuni ya AMT ya Marekani ilianza kuuza maboksi ambayo mtu aliweza kujenga gari moja kwa njia tatu: kama lilivyotoka kiwandani, lililobadilishwa sura, au la mashindano. Mgawanyo huo uko mezani mpaka leo. Maonyesho mengi yana kundi la magari ya kawaida, la yaliyobadilishwa, la mashindano, la malori, la mandhari ndogo, la watoto na vijana, na kundi ambalo ningemshauri kila mgeni aanzie: “kutoka boksini”. Humo unatumia vipande vya boksi tu, pamoja na rangi na vitu vichache ambavyo kanuni zimeruhusu. Soma kanuni hizo neno kwa neno, kwa sababu kila klabu ina zake. Pengine foili ya kromu inaruhusiwa na waya wa plagi hauruhusiwi. Karatasi ya maelekezo usiitupe. Mara nyingi hudaiwa iwekwe kando ya gari siku ya maonyesho.

Kuhusu ukubwa, magari mengi ya plastiki huwa 1/24 au 1/25. Gari halisi la mita 4.5 litakuwa na sentimita 18.75 katika 1/24, na sentimita 18 kamili katika 1/25. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ujaribu kuazima rimu za boksi moja uzitie kwenye jingine. Magari ya Formula 1 hupatikana sana katika 1/20, na 1/12 ni ya mwenye meza kubwa na moyo mkubwa.

Maboksi mengi ya Kijapani ya 1/24 huja bila injini, boneti imefungwa moja kwa moja. Watu huyadharau. Mimi nasema anza nayo: bodi, rangi, vioo na magurudumu, basi. Ukivimudu vinne hivyo, injini itakuja yenyewe.

Ukinunua boksi la zamani, lifungue siku hiyo hiyo utenge matairi kwenye mfuko wake. Kemikali inayolainisha matairi ya vinili huhamia kwenye plastiki iliyogusana nayo na kuiyeyusha taratibu. Nimewahi kufungua boksi la miaka mingi nikakuta tairi limejichimbia shimo katikati ya kioo cha mbele, zuri la mviringo kama limekatwa kwa mashine.

Vifaa visiwe vingi

Koleo ndogo ya kukatia yenye upande mmoja bapa, kisu cha hobi chenye wembe wa ncha namba 11, kibanio kimoja kizuri, msasa wa maji wa namba 400, 600, 1000, 2000 na wa 3000 kwenda juu, tepu ya kufunikia rangi, gundi nyepesi ya plastiki yenye brashi, supagluu, na gundi nyeupe ya karatasi. Pua na mapafu navyo uvitafutie barakoa ya chujio la mvuke wa kemikali. Kile kitambaa cha vumbi hakizuii thina. Brashi ya hewa na kompresa ni raha, ila makopo ya kupulizia yameshinda zawadi nyingi tu.

Gundi ya plastiki haigandishi, inayeyusha. Shikanisha vipande viwili vikiwa vikavu, gusa ungio kwa ncha ya brashi, nayo gundi itakimbilia ndani yenyewe. Ukipaka kwanza ndipo ubane, itafurika nje, na hapo tochi imekukamata. Supagluu iweke mbali na vioo, maana mvuke wake huacha utando mweupe; vioo vinataka gundi nyeupe.

Bodi: kazi inayoanza kabla ya rangi

Usivunje kipande kutoka kwenye fremu yake kwa vidole. Kata mara mbili: mara ya kwanza mbali kidogo, ya pili karibu, kisha malizia kwa wembe na msasa.

Shika bodi chini ya taa, uizungushe polepole. Utaona uzi mwembamba unaopita juu ya matao ya magurudumu, kwenye kona za bampa, na wakati mwingine kando ya paa. Ni pale ambapo pande za kalibu zilikutana. Uzi huo haupo kwenye gari halisi, na ndio wa kwanza kusakwa na mwamuzi kwa sababu waundaji wengi hawajui kuwa upo. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, si kwa makali, kisha msasa wa 400 na 600. Palipobonyea, tia puti kidogo, acha ikauke kabisa, sugua. Geuza pia sehemu za ndani zitakazoonekana, kama chini ya boneti na milango: mara nyingi kuna viduara vilivyoachwa na pini zilizosukuma plastiki itoke kwenye kalibu. Navyo vizibe.

Mistari ya milango na boneti huwa haina kina cha kutosha. Rangi itaijaza. Ipitishe mgongo wa kisu mara nne, tano, kwa mkono mwepesi, mpaka iwe na kina. Mkono mzito utateleza, na mkwaruzo mlangoni utakugharimu jioni nzima.

Sasa hatua ambayo watu huiruka: unganisha gari zima kwa tepu kabla ya kupaka chochote. Bodi juu ya chesisi, dashibodi, viti, vioo, bampa. Mambo mawili yatajitokeza. Kwanza, utajua kipande gani kinagongana na kipi. Pili, utakumbuka kuwa rangi ina unene. Matabaka ya rangi yakifika robo ya milimita kwa jumla, ungio lililokuwa linabana vizuri halitaingia tena. Nimevunja nguzo ya kioo nikilazimisha bodi iliyokwisha kung'arishwa iingie kwenye chesisi ambayo, bila rangi, ilikuwa imeingia bila matata.

Baada ya hapo, iogeshe bodi kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Inabeba mafuta ya kalibu na ya mikono yako. Maji yasiwe ya moto, plastiki hujikunja.

Rangi

Hapa ndipo watu hushinda au kushindwa kwenye maonyesho, na siri yake kubwa ni kusubiri.

Anza na praima, yaani rangi ya msingi. Ya kijivu inafaa karibu kote, nyeupe ni kwa rangi angavu kama njano na nyekundu. Ikiwa plastiki yenyewe ni nyekundu na unataka gari jeupe, jihadhari: rangi ya plastiki hupenya juu, na baada ya wiki gari lako litakuwa na haya ya waridi. Tanguliza tabaka la rangi ya fedha au praima ya kuziba. Praima ikikauka, ikague kana kwamba wewe ndiye mwamuzi. Kila kasoro uliyoiacha itasimama wazi. Rudi kwenye puti bila aibu.

Usichanganye rangi ovyo. Enameli, rangi ya mafuta inayokauka polepole, inaweza kukaa juu ya laka, rangi ya thina inayokauka haraka, ikiwa laka imekauka. Laka juu ya enameli itaichemsha enameli, na utapata mikunjo kama ngozi ya kobe. Ukiwa na shaka, jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Mimi sina rangi ambayo sijaipuliza kijiko kabla ya gari.

Kopo la kupulizia liweke dakika chache kwenye maji vuguvugu ya bomba. Rangi hulainika, hutoka kwa umande mdogo na kulala vizuri. Liweke kwenye maji tu. Ukilipeleka jikoni juu ya moto litalipuka. Siku ya mvua au ya unyevu mwingi acha kabisa, kwa sababu laka itavuta ukungu mweupe.

Shika kopo umbali wa sentimita 15 hadi 20. Anza kupuliza kabla ya kufika kwenye bodi, acha baada ya kuipita. Matabaka mawili ya kwanza yawe ya kunyunyiza tu, plastiki ikiwa bado inaonekana kwa chini. Ndiyo yatakayoshika yale mazito. Ngoja dakika kumi na tano hivi katikati. La mwisho ndilo liwe na majimaji, kiasi cha kuona taa ikijitazama humo. Kona na mistari huanza kumwaga rangi kwanza, kwa hiyo zipite mapema kwa wepesi. Ukiona chozi limeanza kuteremka, usiliguse. Acha likauke siku kadhaa, ulisugue, upulize tena.

Kisha lifunike gari kwa ndoo safi, uondoke.

Limekauka lini? Ikague kwa pua. Ukiisogeza bodi karibu ukasikia harufu ya thina, bado. Laka hunyamaza baada ya siku chache, enameli huweza kuchukua wiki. Haijawahi kutokea nikaharakisha hatua hii nisijute. Alama ya kidole gumba changu iko milele kwenye paa la gari moja la buluu ninaloliweka rafu ya juu watu wasilione.

Juu ya rangi hupulizwa klia, tabaka la mwisho lisilo na rangi. Likikauka, rangi huwa na vinundu vidogo kama ganda la chungwa. Hiyo ndiyo inayotofautisha gari la dhahabu na la shaba. Sugua kwa msasa wa maji kuanzia namba 3000 kwenda juu, sabuni kidogo ndani ya maji, mpaka uso wote uwe na ufifu mmoja usiong'aa. Kona na mikunjo usiiguse kabisa katika hatua hii, maana ndipo rangi ilipo nyembamba na plastiki hutokea kabla hujagundua. Malizia kwa polishi na kitambaa laini. Kuna klia za mchanganyiko wa vitu viwili zinazotoa mng'ao wa kioo bila kusugua sana, ila zina isosayaneti, kemikali ya sumu ambayo barakoa ya kawaida ya hobi haitoshi kuizuia. Kama huna hewa safi ya kuletewa kwa mpira, waachie wenye vifaa.

Stika za maji zibandike kabla ya klia kama ni gari la mashindano. Chovya, subiri ziteleze zenyewe kwenye karatasi, ziweke juu ya tone la maji, kisha dawa ya kulainisha. Zitakunjamana na kukutisha. Usizishike, zitajinyoosha zikikauka na kuingia mpaka kwenye mistari ya milango.

Ukingo wa dirisha, milimita moja kwa wakati

Hakuna kitu kinachogeuza mwanasesere kuwa gari kama ukingo wa kromu kuzunguka vioo. Wengi huupaka kwa brashi, na huonekana umepakwa kwa brashi. Tumia foili ya kujibandika, nyembamba kuliko nywele.

Kata kipande kikubwa kidogo kuliko ukingo. Kiinue kwa ncha ya kisu na kukishusha bila kukivuta. Kibonyeze kwa kijiti cha pamba, kuanzia katikati kwenda ncha mbili, mpaka uone ukingo ukijichora chini yake. Chonga ncha ya kijiti cha meno iwe kama patasi butu, upitishe kwenye mfereji ambako ukingo unakutana na bodi. Sasa weka wembe mpya. Namaanisha mpya, usio na jana. Mfereji ndio uuongoze wembe, mkono ubebe uzito wa kisu pekee. Ukisikia kisu kinakwaruza, umeshafika kwenye rangi. Inua kona ya ziada kwa kibanio, uivute kwa pembe kali kurudi nyuma. Foili ikipasuka, ongeza kiraka, usugue ungio, halionekani.

Dirisha moja hunichukua nusu saa. Silifanyi usiku, wala baada ya kahawa.

Ndani na injini, kwa haraka

Ndani pasiwe na mng'ao. Plastiki na ngozi za gari halisi zina ufifu, kwa hiyo piga klia isiyong'aa, kisha viti viwe na ung'aavu kidogo tofauti na sakafu. Zulia hutengenezwa kwa unga wa nyuzi ulionyunyizwa juu ya gundi nyeupe.

Kama unatia nyaya za plagi, kumbuka hesabu. Waya halisi una milimita 7 au 8. Katika 1/24 hiyo ni kama milimita 0.3. Uzi mnene kuliko huo utaonekana kama mpira wa kumwagilia bustani. Na upeleke mahali pake. Injini ndogo ya V8 ya Chevrolet ya zamani huwasha silinda zake nane kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2, na katika kila maonyesho kuna mzee mmoja anayejua hilo kwa kichwa na atainama kuhesabu kutoka kwenye distributa, kile kifaa kinachogawia plagi umeme.

Kusimama kwa magurudumu

Weka kioo cha dirisha au kigae bapa mezani. Ukishagundisha ekseli na kabla gundi haijashika, weka chesisi juu yake. Tia vipande vinne vya kadi ya unene mmoja chini ya chesisi, kimoja kila kona, ili urefu usitofautiane. Tazama kwa mbele, kwa nyuma, kisha kwa juu: magurudumu yanaelekea njia moja? Pitisha karatasi chini ya kila tairi. Ikikwama kote, weka uzito mdogo juu, ulale.

Siku inayofuata pitisha tena. Plastiki ina tabia ya kubadili mawazo usiku.

Safari na siku yenyewe

Magari mengi hufia njiani. Vioo vya pembeni, antena na wipa ndivyo hutangulia. Tafuta boksi gumu, tia sponji iliyokatwa mfano wa chesisi, ulibane gari kwa magurudumu au chini yake, kamwe si kwa paa. Pamba na karatasi laini zitang'oa kila kilichochomoza. Usiliache ndani ya gari lililofungwa juani. Boneti itakunjika uione. Beba mkoba mdogo: gundi nyeupe, supagluu, kibanio, brashi laini ya vumbi, kitambaa, na glavu za pamba. Karibu kila mara nimegundisha kitu kwenye meza ya usajili.

Jaza fomu kwa uaminifu: kundi gani, boksi la nani, umebadilisha nini. Mwamuzi hawezi kujua kuwa grili umeichonga mwenyewe kama hukuandika. Picha tatu za ujenzi zinatosha. Kitabu kizima hakisomwi. Kama umetengeneza chini ya gari vizuri, weka kioo kidogo cha kujitazamia chini yake, ila ujue kuwa kioo hicho kitawaonyesha pia gundi iliyomwagika.

Waamuzi wakimaliza na matokeo yakatangazwa, mtafute mmoja wao, umwulize kwa upole, “Mzee, ungekuwa wewe, ungeanza kurekebisha wapi?” Usijitetee. Andika anachosema. Wengi wao hufurahi kuulizwa, na jibu la dakika mbili limenifundisha zaidi ya boksi tatu nilizojenga peke yangu.

Na beba kibao chako cha kuwekea gari, bapa, ulichokipima nyumbani kwa ile karatasi. Meza za maonyesho ni za kukunja, zimefunikwa kitambaa, na nyingi zimebonyea katikati. Gari langu la pili lilikuwa na magurudumu manne yaliyogusa kioo cha nyumbani bila kosa. Pale ukumbini moja lilikuwa hewani tena, na nilikuwa nimebaki na dakika chache tu kuomba kigae jikoni kwao.